Kabla ya Kuvuka Mpaka Kwenda Kutazama Wanyamapori

Mada iliyotolewa mbele ya wananchi mjini Tunduma, Mkoa wa Songwe



Mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2016, mtu wa Tunduma aliyevuka kwenda Nakonde alivuka ili anunue au auze. Utalii tuliuona kama jambo la wageni waliopita hapa wakiwa na mabegi mgongoni, wakielekea kusini. Siku hizi mambo yamebadilika. Walimu huchanga fedha mwaka mzima ili likizo iwakute Luangwa. Kina mama wa kikundi huvunja sanduku lao na kusema, mwaka huu hatununui masufuria, tunakwenda kuyaona Maporomoko ya Viktoria. Ni jambo jema, kwa maana mtu aliyefanya kazi kwa jasho anastahili kupumzika na kuiona dunia. Lakini huduma ya safari ina tabia moja inayoitofautisha na gunia la mchele. Mchele unaupima kabla ya kulipa, na safari unailipia kabla ya kuiona. Hapo ndipo mlaji anapoumizwa, na hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo yetu ya leo.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa watu kumi na wanne, wafanyakazi wa ofisi moja, tukamlipa wakala fulani kwa safari aliyoiita "siku nne Luangwa". Sitamtaja, maana lengo langu si kumshitaki hapa. Alituonyesha picha za chui juu ya mti na ramani ndogo, akaweka kidole Mpika, akakisogeza kidogo hadi Mfuwe, akasema, "Mnaona? Ni hapa na hapa." Tulikubali. Hatukuuliza njia, hatukuuliza gari, hatukupewa karatasi. Siku mbili na nusu ziliishia barabarani. Tulipofika, tuliambiwa ada ya kuingia hifadhini haikuwamo katika bei, na basi letu dogo halikuweza kupita njia za ndani ya hifadhi. Wanyama tuliowaona walikuwa nyani wa kando ya barabara. Tuliporudi kudai haki yetu, yule bwana alituuliza swali moja tu: "Tuliandikiana wapi?" Hatukuwa na jibu. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, tuanze na ramani, kwa sababu ndiyo iliyotuponza.

Hifadhi ya Taifa ya Luangwa Kusini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 9,050, iko mashariki mwa Zambia, kando ya Mto Luangwa. Ni kweli kwamba ukiitazama kwenye ramani utaiona si mbali na Mpika, mji ulio kwenye barabara yetu kuu itokayo Nakonde. Lakini kati ya Mpika na bonde la Luangwa kuna ukingo wa milima ya Muchinga, na njia za kushukia huko ni mbaya. Hufaa kwa magari yenye nguvu ya magurudumu yote manne, tena wakati wa kiangazi. Kwa msafiri wa kawaida, njia ya lami ni ya kwenda hadi Lusaka, takriban kilomita 1,000 kutoka mpakani, kisha kugeuka mashariki hadi Chipata, na kutoka Chipata kuendelea zaidi ya kilomita 100 hadi Mfuwe, penye lango la hifadhi. Wengine hupitia Malawi: Karonga, Mzuzu, Lilongwe, kisha huingia Zambia karibu na Chipata. Njia hiyo ina mipaka miwili ya kuvuka, na kila mpaka una foleni yake na taratibu zake. Kwa hiyo wakala akikuambia "siku nne", muulize: siku ngapi ni za barabarani, na ngapi ni za kutazama wanyama? Hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake liandikwe.

Zipo hifadhi nyingine zilizo upande wetu. Luangwa Kaskazini, ambako faru weusi walirudishwa kuanzia mwaka 2003, hufikiwa kupitia Mpika, lakini haina barabara nyingi wala malazi mengi, na haifai kwa mtu asiye na mwenyeji anayeijua. Kasanka, karibu na Serenje, ni hifadhi ndogo, lakini kuanzia Oktoba hadi Desemba hupokea mamilioni ya popo walao matunda, nao jioni hulijaza anga zima. Upande wa Malawi, tambarare za Nyika zina korongo na pundamilia, na baridi yake mwezi wa Juni na Julai inamzidi hata mtu aliyezoea baridi ya Mbozi. Ninazitaja ili mjue kwamba jina la hifadhi halitoshi. Uliza msimu. Katika bonde la Luangwa mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na wakati huo njia nyingi hufungwa na kambi nyingi hufunga milango. Anayekuuzia safari ya Februari kwa nusu ya bei huenda hakudanganyi kuhusu bei. Lakini je, amekuambia kwamba majani yatakuwa marefu na njia zitakuwa na tope? Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo yenye wanyama wengi karibu na maji, ingawa Oktoba joto ni kali mno.

Jambo la pili ni mapatano. Kabla ya kutoa arubuni, yaani malipo ya awali, hakikisha unashughulika na mtu anayetambulika kisheria. Kampuni yaweza kutafutwa katika daftari la BRELA. Biashara ya utalii nchini hutakiwa kuwa na leseni chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na mwenye nayo haoni taabu kukuonyesha. Lipa kwa akaunti au namba ya simu yenye jina la kampuni, si jina la mpwa wake. Dai stakabadhi ya mashine ya kodi. Kisha dai karatasi yenye mambo haya: tarehe za kuondoka na kurudi, njia mtakayopita, aina ya gari, na kama gari hilo linaruhusiwa kuingia hifadhini au mtahamia jingine, idadi ya usiku na jina la mahali pa kulala, milo iliyomo, idadi ya mizunguko ya kutazama wanyama, nani analipa ada ya hifadhi, na kwa watu wa kundi gani. Zambia, kama sisi, hutoza viwango tofauti kwa raia wake na kwa wageni. Ulizia kama kuna kiwango cha raia wa nchi za SADC, maana tofauti hiyo ni fedha yako. Mwisho wa karatasi kuwe na sharti la kuahirisha: safari isipofanyika, utarudishiwa kiasi gani, na katika muda gani?

Mtu akikataa kuandika, amekwisha kukujibu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani iko kwa ajili ya kumlinda mlaji. Zambia nao wana tume yao ya ushindani na ulinzi wa mlaji. Lakini tume yoyote itakuuliza kile kile alichotuuliza yule wakala wetu: mliandikiana wapi?

Jambo la tatu ni nyaraka. Sisi wa mpakani tuna ugonjwa wa mazoea. Tumezoea kwenda Nakonde asubuhi na kurudi jioni, tukadhani Zambia yote ni soko la Nakonde. Mazoea hayo si ruhusa ya kufika Mfuwe. Chukua pasipoti, hakikisha muda wake haujakaribia kwisha, na igongwe muhuri wa kutoka na wa kuingia. Tangu Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwezi Oktoba 2019, taratibu za nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu wa pembeni anayejitolea "kukupitishia" pasipoti. Uliza mwenyewe dirishani. Kuuliza si ujinga. Mtoto naye awe na hati yake, na akisafiri na mzazi mmoja au na mwalimu, awe na barua ya ridhaa ya mzazi pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, nalo ni kadi ya njano. Kadi za njano ni mbili. Ya kwanza ni ya mwili wako: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, hudumu maisha yote. Kwa hiyo usichanjwe siku ya kuondoka, na usikubali kuambiwa kwamba cha zamani kimekwisha muda ili ulipie kingine. Kadi ya pili ni ya gari lako: bima ya COMESA dhidi ya madhara kwa watu wengine, inayotambulika Zambia na Malawi pia. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini mpango huu wa bima bado tumo. Bima ya gari uliyonayo nyumbani peke yake haivuki mpaka. Dereva aliyepeleka kadi moja mahali panapotakiwa nyingine nimemwona kwa macho yangu, akiapa kwamba ameonewa.

Jambo la nne ni fedha. Hapa Tunduma shilingi, kwacha ya Zambia na kwacha ya Malawi hutembea katika mtaa mmoja. Majina ya hizo mbili ni mamoja, lakini thamani ni mbali kabisa: kwacha ya Malawi ni ndogo mara nyingi kuliko ya Zambia. Niliwahi kupokea mtaani bunda lililofungwa kwa mpira, noti za juu na za chini zikiwa za Zambia, na za katikati za Malawi. Nililifungua nikiwa ndani ya basi. Pia mwaka 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake, na noti za kabla ya hapo hazinunui kitu. Mwaka 2025 ilitoa noti mpya, hivyo ulizia benki ni zipi zinazopokelewa sasa. Badilisha fedha katika benki au duka lenye leseni, hesabu mbele ya dirisha, soma jina la nchi kwenye kila noti, na utunze risiti. Mtu anayekuharakisha wakati unahesabu, anakuharakisha kwa faida yake.

Jambo la tano ni saa, nalo ni dogo lakini limewaacha wengi kituoni. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tena wenzetu huhesabu saa kwa namna ya Kizungu. Tiketi ikisema basi la Nakonde huondoka saa 10:00 asubuhi, kwa Kiswahili ni saa nne ya Zambia, na kwa saa ya ukutani mwako hapa Tunduma ni saa tano. Wakati wa kurudi hesabu hugeuka: ukifika Nakonde saa kumi na moja jioni ya kwao, Tunduma ni saa kumi na mbili na giza linakaribia. Andika kwenye karatasi ya mapatano ni saa ya nchi gani. Simu nayo hubadilisha saa yenyewe inaponasa mnara wa upande wa pili, tena yaweza kuanza kukukata fedha za mtandao wa nje ukiwa bado sebuleni kwako. Zima huduma ya data ya nje kabla ya kukaribia mpaka.

Jambo la sita ni afya. Bonde la Luangwa lina malaria. Nenda kituo cha afya mapema, uulize kuhusu dawa ya kinga, wala usiseme, "mimi nimeizoea." Bonde hilo lina mbung'o pia, na malale yapo. Mbung'o huvutiwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa nguo za rangi ya udongo au majani makavu, zenye mikono mirefu. Lakini usivae nguo za mabaka zifananazo na za jeshi, maana zitakuingiza matatani huko kama zinavyofanya hapa. Chukua koti kwa ajili ya asubuhi za Juni na Julai, kwani gari la kutazamia wanyama huwa wazi. Dawa zako ziwe katika pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Zambia ina sheria kali juu ya dawa, na wasafiri wamewahi kukamatwa kwa sababu ya dawa za mafua na mzio ambazo kwao hununuliwa bila cheti. Soma pia bima yako ya afya, uone kama inafanya kazi nje ya nchi. Hospitali kubwa iko mbali na hifadhi, na kumsafirisha mgonjwa kutoka porini ni gharama inayoweza kumeza akiba ya ukoo mzima.

Jambo la saba ni mwenendo hifadhini. Luangwa ndiko utalii wa kutembea kwa miguu porini ulikoanzia, tangu miaka ya 1950, na bado watu huja kwa ajili hiyo. Kutembea huko hufanywa pamoja na mwongozaji na askari wa wanyamapori mwenye silaha. Hakufanywi kwa ushujaa. Usishuke garini pasiporuhusiwa. Usikaribie ukingo wa mto usiku: viboko ni wengi, na kiboko huonekana mzito mpaka siku atakapokukimbiza. Nasi watu wa Songwe tuna desturi njema ya kufunga ndizi, machungwa na maparachichi ya njiani. Malizeni matunda yenu kabla ya kufika kambini. Tembo hunusa tunda ndani ya hema au gari, na hana haja ya ufunguo.

Jambo la nane ni zawadi za kurudi nazo. Utauziwa bangili, ngozi, jino, yai la mbuni, gamba la kakakuona, au nyama iliyokaushwa. Muuzaji atasema, "Huku ni halali." Usinunue. Tanzania na Zambia zote ni wanachama wa mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na Sheria yetu ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za Serikali bila kibali. Mlaji aliyenunua kwa nia njema hufikishwa mahakamani kwa sheria ile ile anayofikishwa jangili. Nunua kikapu, kitenge au kinyago cha mti, na risiti yake.

Ndugu zangu, huenda mtu akasema nimewatisha. Sikuja kuwatisha. Mwaka wa pili baada ya ile safari yetu ya nyani, tulichanga tena, tukiwa tisa tu, kwani watano walikataa katakata. Safari hiyo tulikuwa na karatasi yenye kurasa tatu, tukaipitia mstari kwa mstari hata mwenye kampuni akacheka. Tulifika Mfuwe mwezi wa Agosti. Tulimwona yule twiga wa Thornicroft, ambaye duniani kote hupatikana katika bonde lile tu. Siku ya pili mzunguko mmoja wa jioni haukufanyika kwa sababu gari liliharibika. Tulifungua karatasi, tukasoma kifungu, na kesho yake alfajiri tukalipwa mzunguko mwingine bila ugomvi wala kupandishiana sauti. Ni asubuhi hiyo tuliyomwona chui.

Nawaombeni, basi, kabla hamjavunja sanduku la kikundi, kaeni jioni moja na karatasi na kalamu. Andikeni maswali yenu yote, mpelekeeni wakala, na majibu yake yatiwe sahihi. Mkipata tatizo mkiwa ng'ambo, upo Ubalozi wetu mjini Lusaka, kwa hiyo bebeni namba yake. Mkipata tatizo la biashara, njooni na stakabadhi, mapatano na ujumbe wa simu bila kuufuta, nasi tutakuwa na pa kuanzia.

Nawatakieni safari njema na marejeo mema.